Tea tree ya kinyozi: mwanzo ilinipoza, sasa imeniunguza kidevu. Shida ni mafuta au ni mimi?

#1 RangiTatu_Finest
Wakuu habari zenu. Naomba wenye uelewa na haya mafuta ya tea tree, yale yanayokamuliwa kwenye majani ya mti, mnisaidie maana mtaani kila mtu ana lake. Mimi nina vipele vya ndevu tangu nianze kunyoa, nikipiga mashine zero tu kesho yake shingo yote imejaa vimbegu. Kinyozi wangu akaniambia achana na spiriti, akatoa kichupa cha kahawia, akadondoshea pamba na kunipaka hivyo hivyo bila kuchanganya na kitu. Ikanipoza kweli, harufu ya dawa dawa hivi lakini asubuhi vipele vimenywea. Ikawa ndo mtindo, kila nikinyoa napakwa.

Sasa juzi kanipaka kutoka kichupa kile kile, kinakaaga dirishani pembeni ya kioo, kimebaki robo na kifuniko kimepasuka. Usiku kidevu kinawaka moto, asubuhi ngozi imekuwa nyeusi tii, inatoa majimaji na inawasha mpaka natamani kujikuna kwa kitana. Swali langu, mafuta yameharibika, ni feki, au ngozi yangu imeyakataa? Na je haya mafuta yanafanya kazi kweli au tunauziwa harufu?

#2 Mkaa_Kimya
Ulipakwa mafuta ya transfoma mkuu. Pole lakini.

#3 Dawa_Baridi
Pole sana. Kwanza acha kila kitu, usipake tena hayo mafuta wala spiriti wala sabuni ya manukato. Osha kwa maji ya kawaida, paka vaselini isiyo na harufu, na kama majimaji yanaendelea au umevimba usoni nenda hospitali, hiyo haisubiri uzi.

Pili, kosa la kwanza ni kupaka yakiwa mazima. Utafiti wa chunusi unaotajwa sana ni wa Australia mwaka 1990, watu 124, walitumia jeli yenye tea tree asilimia 5 tu wakailinganisha na benzoili peroksaidi, dawa ya chunusi ya kupaka, asilimia 5. Zote zilipunguza chunusi, tea tree ikachelewa kuonyesha matokeo ila iliwakausha ngozi watu wachache zaidi. Sasa wewe umepakwa asilimia 100 kwenye ngozi ambayo mashine imetoka kuikwangua, halafu unashangaa?

#4 fundi_ndevu
Dawa_Baridi nakuheshimu ila hapo sikubaliani. Mimi ni kinyozi, nimewapaka watu mazima mazima na hawajaungua. Na jamaa mwenyewe kasema mwanzo ilimpoza. Kama tatizo ni ukali mbona haikumuunguza siku ya kwanza? Hapo kuna mtu kajaza kitu kingine kwenye kichupa. Saluni nyingi kichupa kikiisha kinaongezwa kile cha bei rahisi, mteja hajui.

#5 Mrembo_wa_Chumbageni
Jamani mimi nikiweka matone kwenye shampuu yangu mba inaisha kabisa, nywele natural, sijawahi kuungua. Nadhani ngozi zenu wanaume tu ndo mbovu 😂

#6 RangiTatu_Finest
@fundi_ndevu kichupa ni kile kile na lebo ile ile. Ila siwezi kuapa kwamba hakikuongezwa.

#7 Kemia_ya_Uswazi
Maelezo ya #4 yanawezekana lakini kuna jingine mmeliruka. Soma tena #1: dirishani, kifuniko kimepasuka, kimebaki robo. Haya mafuta yakikutana na hewa, mwanga na joto yanabadilika. Kitu chenyewe kinachofanya kazi kinaitwa terpineni-4-oli, na pembeni kuna vitu vingine kama gama-terpineni. Mafuta yakikaa wazi gama-terpineni inapungua, parasimeni inapanda, na zinazaliwa peroksaidi na takataka nyingine ambazo ngozi inazichukia kuliko mafuta mabichi. Ndo maana yanawekwa kwenye chupa ya kioo cha kahawia na unaambiwa funga, weka kwenye giza. Robo ya mwisho kwenye chupa iliyopasuka kifuniko, juu yake hewa tupu, jua la Mbagala linaipiga kutwa, hiyo siyo tena ile uliyopakwa mwanzo. Mtu hajaongeza kitu na bado mafuta ni mengine.

#8 Mkaa_Kimya
Jua la Mbagala limelaumiwa kwa mengi ila hili ni jipya.

#9 Daktari_wa_Kata
Salaam. Mimi naona mnatafuta kosa kwenye chupa tu. Mzio wa ngozi wa aina hii hauji siku ya kwanza. Mwili unakutana na kitu, unakikariri kimya kimya, unapakwa tena na tena, halafu siku moja unakataa. Kwa hiyo swali la fundi_ndevu la "mbona siku ya kwanza haikumuunguza" ndo hasa picha ya mzio. Mafuta makali kwenye ngozi iliyochubuliwa kila baada ya siku chache ndo njia rahisi ya kuufundisha mwili kukataa. Na akishakataa, hata chupa mpya kutoka Australia itamuwasha. Kemia yuko sahihi kwamba yaliyozeeka yanaleta mzio kwa urahisi zaidi, lakini tusijidai tumeshajua ni lipi.

Kujua ni rahisi, anaenda kliniki ya ngozi wanambandika kipimo mgongoni wanasoma baada ya siku mbili na zaidi. Nyumbani asijipime sasa hivi wakati ngozi bado imewaka.

#10 fundi_ndevu
Kwa hiyo kosa letu vinyozi sasa. Haya.

#11 Babu_wa_Korogwe
Vijana mnahangaika. Hayo mafuta ni mkaratusi tu umepewa jina la kizungu. Sisi tulijifukiza mkaratusi na kuoga mwarobaini, hatukuwa na vipele vya ndevu.

#12 Kemia_ya_Uswazi
Babu shikamoo. Siyo mkaratusi, ni ndugu yake. Mti wenyewe ni Melaleuca alternifolia, asili yake New South Wales kule mashariki mwa Australia kwenye maeneo ya maji maji. Ukoo ni mmoja na mkaratusi, mkarafuu, mpera na mzambarau. Ila mafuta yana tofauti kubwa, ya mkaratusi yamejaa sineoli, ile inayofungua pua. Ya tea tree sineoli inatakiwa iwe kidogo na terpineni-4-oli ndo iwe juu, kiwango cha kimataifa ISO 4730 cha 2017 kinataka kuanzia asilimia 35. Na kwa wale watakaouliza, hayana uhusiano wowote na chai ya Mufindi.

#13 Mkaa_Kimya
Mimi ndo nilikuwa nataka kuuliza hilo la Mufindi, umeniwahi.

#14 Bwejuu_Breeze
Umetaja mkarafuu nikaamka. Pemba pale Wawi makonyo, vile vikonyo vya karafuu, yanakamuliwa mafuta kwa mvuke miaka mingi tu. Mafuta ya karafuu jino likiuma unayajua, na ukiyaweka mazima kwenye ufizi yanakuchoma vile vile. Watu wanadhani kitu kikitoka kwenye jani basi kipole.

#15 Mbongo_Brisbane
Wadau niko huku huku yanakotoka. Wenyeji wa eneo lile, Wabundjalung, walikuwa wanaponda majani na kuyatumia kwenye vidonda na kuvuta mvuke wake kwa mafua, kabla mzungu yeyote hajafika. Kwenye miaka ya 1920 mkemia wa Sydney anaitwa Arthur Penfold akayapima akasema yanaua vijidudu mara 11 hivi kuliko karboliki, ile dawa iliyokuwa inategemewa na hospitali enzi hizo. Yakavuma, halafu penisilini na wenzake walipokuja yakasahaulika, mpaka miaka ya 70 watu walipoanza kupanda mashamba rasmi.

Kuna ziwa Lennox Head linaitwa Ainsworth, nilienda na familia. Maji yake kama chai ya rangi iliyokolea, unaingia miguu huioni ikifika magotini, na watu wamekaa humo wanajipaka usoni wanasema inang'arisha ngozi. Watoto wangu walitoka wananuka majani. Ngozi zao? Zile zile.

#16 Kemia_ya_Uswazi
@Mbongo_Brisbane hiyo rangi ni tanini ya majani yanayooza, mafuta yenyewe hayayeyuki kwenye maji. Ndo maana pia wale wanaodondosha matone kwenye ndoo ya kuoga wanajidanganya, yanaelea juu yote yanakuja kugandia sehemu moja ya mwili, na sehemu hiyo ikiwa pabaya utaimba.

#17 Mbongo_Brisbane
😂😂 Kwa hiyo ile safari yote ya gari nilienda kuoga chai.

#18 Mrembo_wa_Chumbageni
Hamjanijibu kuhusu mba. Mimi nasema INAFANYA KAZI.

#19 Dawa_Baridi
Dada hapo uko vizuri. Kuna utafiti wa 2002, watu 126, shampuu yenye tea tree asilimia 5 kwa wiki 4, waliacha povu kichwani dakika 3 kabla ya kusuuza. Mba ilipungua kwa asilimia 41, waliopewa shampuu isiyo na dawa ilipungua asilimia 11. Kwa hiyo "inaisha kabisa" ni ya kwako, ila kupungua kweli inapungua. Mba inahusiana na fangasi fulani wa jamii ya hamira anayekaa kwenye mafuta ya ngozi ya kichwa, na tea tree inamsumbua.

Ila sema unaweka matone mangapi, maana wengi wanadondosha mawili kwenye chupa nzima wakasema wametibu.

#20 Mrembo_wa_Chumbageni
Siyo mawili namimina tu nikihisi harufu imekolea 🙈

#21 Dawa_Baridi
Sasa hapo ndo balaa. Kwa makadirio matone 20 ni kama mililita 1. Ukitaka asilimia 5, kijiko cha chakula kimoja cha mafuta ya nazi au alizeti (mililita 15) unaweka matone 15. Kwa usoni anza chini ya hapo, matone matatu manne kwa kijiko hicho. Paka kidogo ndani ya kiwiko, subiri siku mbili, ukiona kimya ndo uende usoni.

#22 mamaJunior_Ubungo
Naomba kuuliza mwanangu ana mapunye kichwani, yale ya duara nywele zinakatika, jirani ananiambia nimpake tea tree na kitunguu saumu. Nipake?

#23 Daktari_wa_Kata
Mama Junior hapana. Mapunye ya kichwani fangasi anaingia ndani ya unywele wenyewe, dawa ya kupaka hamfikii hata iwe ya bei gani. Yanahitaji dawa ya kunywa, griseofulvini au terbinafini, kwa wiki kadhaa kulingana na uzito wa mtoto, na inaandikwa hospitali. Kupaka kunasaidia kupunguza kuambukiza wenzake tu. Na kitunguu saumu kibichi kwenye kichwa cha mtoto kitamuunguza, tafadhali.

Halafu hicho kichupa kiweke juu kabisa. Haya mafuta hayanywewi. Kuna watoto wadogo walioripotiwa kunywa chini ya mililita 10 wakalegea, wakayumba kama walevi, mmoja mmoja mpaka kupoteza fahamu. Akinywa usimtapishe, mkimbize hospitali na chupa mkononi.

#24 mamaJunior_Ubungo
Ahsante daktari, kesho naenda.

#25 Mzee_Kucha
Na kwa fangasi wa kucha? Kidole gumba changu cha mguu kimekuwa kama pembe.

#26 Dawa_Baridi
Mwaka 1994 walilinganisha tea tree nzima na klotrimazoli, dawa ya fangasi ya kupaka, asilimia 1 kwa watu 117 wenye kucha kama zako. Fangasi aliisha kwa asilimia 18 waliotumia tea tree na 11 waliotumia klotrimazoli. Ukisoma haraka utasema tea tree imeshinda, ukisoma polepole utaona wote wameshindwa. Kucha ni ngumu mzee wangu, kitu cha kupaka hakipenyi. Fangasi wa katikati ya vidole ndo wana nafuu, pale kwenye mchanganyiko wa asilimia 25 na 50 zaidi ya nusu ya watu walipata nafuu, ingawa wapo walioungua.

#27 Mkaa_Kimya
Mbona hamsemi ile kwamba wanaume wakipaka wanaota maziwa? Niliisoma mahali, RangiTatu jikague.

#28 RangiTatu_Finest
Acha mzaha bwana naumwa kidevu.

#29 Kemia_ya_Uswazi
Masihara yana chanzo. Mwaka 2007 madaktari wa Marekani waliripoti wavulana watatu ambao hawajabalehe, vifua vilikua, wakahusisha na vipodozi vyenye lavenda na tea tree, na maabara wakaona mafuta hayo yanagusa mambo ya homoni. Walipoacha vifua vikarudi. Ila wavulana watatu ni watatu, lavenda ndo ilitajwa zaidi, na wengine wakapinga kwamba ngozi haipitishi kiasi hicho. Ubishi bado upo. Mimi nisingempaka mtoto kila siku, lakini kidevu cha mtu mzima mara moja moja sioni kesi.

#30 Nyuki_wa_Nanyuki
Salimini Wabongo. Mimi niko huku chini ya Mlima Kenya, na hii tea tree inakuzwa hapa, si lazima mtoe Australia. Kuna wakulima wadogo wamepanda ekari nusu, robo, na mafuta yao yamenunuliwa hata na kampuni ya vipodozi ya The Body Shop kwa miaka. Mti haung'olewi, unakatwa karibu na chini unachipuka tena. Matawi yanakatwakatwa yanashindiliwa kwa pipa kubwa, mvuke unapitishwa, unapozwa, mafuta yanaelea juu ya maji unayachota. Sasa sikizeni, kilo mia ya majani mabichi inatoa kilo moja hivi, mbili ukibahatika. Kwa hivyo mtu akikuuzia kichupa kwa bei ya soda jiulize kuni pekee zilikuwa pesa ngapi.

#31 fundi_ndevu
ASANTE Nyuki. Nilisema mimi #4, feki. Kariakoo kichupa unapata buku tatu.

#32 Kemia_ya_Uswazi
Feki zipo, nakubali, hata Ulaya na Marekani zilipopimwa zimekutwa zimechanganywa. Ila bei rahisi haithibitishi kilichomchoma huyu. Mtu akichanganya na mafuta ya kula makali yanapungua, kwa hiyo yangemchoma kidogo, siyo zaidi.

#33 fundi_ndevu
Na kama wamechanganya na tapentaini?

#34 Kemia_ya_Uswazi
Hapo sawa, tapentaini inachoma.

#35 Bwejuu_Breeze
Kuna kipimo rahisi, dondoshea tone kwenye karatasi nyeupe. Likikauka likaacha doa la mafuta ujue kuna mafuta ya kupikia ndani.

#36 Kemia_ya_Uswazi
Hicho kitakukamatia alizeti tu. Tapentaini nayo inakauka bila doa. Bila mashine ya maabara pua na karatasi havitoshi.

#37 Paka_wa_Masaki
Samahani naingilia, vipi kwa viroboto vya paka? Mtu kaniambia nimpake shingoni.

#38 Daktari_wa_Kata
Usithubutu. Ini la paka haliwezi kuyachakata, na atajilamba. Yakiwa mazima anatokwa mate, anatetemeka, miguu ya nyuma inalegea, wengine wanakufa. Nenda kwa daktari wa mifugo.

#39 Dawa_Baridi
Turudi kwa mwenye uzi maana tumefika kwa paka. RangiTatu, kuna kitu bado hakijasemwa. Vipele vyako vya ndevu chanzo chake siyo vijidudu. Nywele zetu za kipilipili zikikatwa fupi sana, ncha inabaki kali, inajikunja na kurudi kuchoma ngozi kutoka nje au chini kwa chini. Mwili unaiona kama mwiba, unavimba. Tea tree inaweza kutuliza uvimbe na kuzuia usaha, lakini unywele uko pale pale umejikunja. Acha zero. Mwambie kinyozi aache milimita moja au zaidi, asivute ngozi, apite kuelekea nywele zinakolala.

#40 fundi_ndevu
Hapo nakuunga mkono asilimia mia, ila wateja hawataki. Ukimwachia kidogo anakwambia hujanyoa, anaenda kwa jirani.

#41 RangiTatu_Finest
Update wakuu. Nimeenda, nimepewa krimu ya steroidi, ya kutuliza uvimbe na muwasho, ya siku chache, muwasho umeshuka. Daktari naye kasema inawezekana mzio inawezekana mafuta yamechacha, kipimo cha mgongoni nitafanya ngozi ikitulia. Kinyozi nimemuuliza kuhusu kichupa, kasema hajaongeza kitu, ila nimekuta ameshakitupa na dirishani kuna kipya. Sijui nimwelewe vipi.

#42 Mkaa_Kimya
Kaharibu ushahidi huyo.

#43 Daktari_wa_Kata
Au kasoma uzi huu.

#44 fundi_ndevu
Mnaniangalia mimi? Mimi niko Mwananyamala!

#45 Mrembo_wa_Chumbageni
@Nyuki_wa_Nanyuki miche mnauza? Huku Tanga mvua ipo na kashamba kapo Lushoto.

#46 Nyuki_wa_Nanyuki
Miche iko, lakini usianze na miche dada, anza na mnunuzi na mahali pa kukamulia. Majani ukiyakata na hakuna pipa karibu, ni kuni tu umelima.

#47 Babu_wa_Korogwe
Lushoto mikaratusi imejaa. Ikamueni hiyo kwanza.